Fomu Tulizojaza Asubuhi

Katika ofisi yetu ya umeme ya Kakamega, fomu zilijazwa asubuhi, kabla ya kazi kufanyika. Nilishangaa wiki yangu ya kwanza, lakini sababu inajulikana na yeyote aliyewahi kuishi hapa. Mvua huja saa nane, ikichelewa sana saa tisa, na ikikukuta juu ya ngazi na karatasi mkononi, karatasi hiyo inageuka uji. Kwa hiyo kila siku tulikaa kwenye benchi mbele ya stoo, vikombe vya chai miguuni, tukaandika kila kitu: namba ya mita, namba ya sili, hali ya nyaya, saa ya kumaliza kazi, sahihi. Baadaye ndipo tulipoingia kwenye gari kwenda kuyafanya hayo yote yawe kweli.

"Hapa tunaandikanga kwanza," aliniambia fundi aliyenifundisha kazi. Alikuwa amekaribia kustaafu na sote tulimwita Mzee. "Wewe na digrii yako unataka ungoje mpaka umalize? Mvua ya Kakamega haisomi fomu."

Nilicheka. Mimi ni mtu wa kuuliza. Niliuliza kanisani mpaka katekista akanihamisha kiti, niliuliza chuoni mpaka mhadhiri mmoja akaacha kunitazama, na mama yangu alinikataza kabisa kuuliza swali lolote matangani. Lakini kuhusu fomu za asubuhi niliuliza mara moja tu. Nilikuwa nimekaa nyumbani miaka mitatu baada ya kusomea uhandisi wa umeme, na mkataba huu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Baada ya mwezi nilikuwa naandika saa ya kumaliza kazi ambayo sijaianza bila hata mkono kusita.

Nieleze sili ni nini, maana mambo yote haya yanatoka kwake. Ni kijidude cha plastiki, kidogo kuliko kidole, chenye waya mwembamba na namba yake. Fundi akimaliza kuunganisha nyaya anarudisha kifuniko cha mita, anapitisha ule waya kwenye tundu, anabana. Ukishabanwa haufunguki bila kukatwa. Mkaguzi akikuta mita haina sili, haulizi nani alisahau kuiweka. Anauliza nani aliikata.

Mwaka jana, msimu wa mvua ndefu, nilitumwa Khayega kumfungia mita mama mmoja mjane. Boma lake liko nyuma ya maduka, chini kidogo ya barabara ambapo vijana wa bodaboda hukaa wakingoja abiria. Alikuwa amengojea stima kwa muda mrefu, na hakuitaka kwa ajili ya taa. Alikuwa na mashine ya kuangulia vifaranga, sanduku la mbao lenye kioo mbele, aliyonunua kabla nguzo hazijafika. Alikuwa ameifunika kwa shuka safi kama watu wanavyofunika televisheni.

Mzee aliniacha hapo akaenda na gari kubadilisha mita nyingine mbele kidogo. Niliunganisha nyaya, nikarudisha kifuniko, nikaingiza skrubu. Sili ilikuwa mkononi. Wingu lilikuwa limeshashuka juu ya migomba.

"Mwanangu, shuka. Chakula kinapoa," mama aliita kutoka mlangoni.

"Nimalizie, mama. Imebaki kidogo tu."

"Hiyo mvua itakumalizia wewe kwanza. Shuka."

Matone ya kwanza yaligonga bati. Nikashuka.

Alikuwa amechinja kuku. Bakuli lilipofika mbele yangu, juu kabisa alikuwa ameweka firigisi, ile ambayo huku kwetu tunaiita imondo. Sihitaji kumweleza mtu wa Kakamega maana yake. Firigisi haiwekwi kwa bahati mbaya. Ni ya mwanamume mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye nyumba inataka kumheshimu, na kuna wakwe waliowahi kununiana miaka kwa sababu ya firigisi iliyopotea jikoni.

"Mama, hii kwa nini niile mimi? Wewe ndiye uliyemfuga huyu kuku."

"Imondo ni ya mwanamume wa nyumba."

"Mimi si wa nyumba hii."

"Leo wewe ndiye umeleta mwangaza. Kula."

"Basi tuigawe katikati. Nusu yako, nusu yangu."

Alicheka mpaka akashika meza. "Watu wa chuo! Mama yangu alikufa hajaonja kuku hata supu, eti wanawake hawali ingokho. Mimi nimeonja nikiwa mtu mzima. Lakini imondo? Hapana, acha hiyo ibaki ya wanaume, muwe na kitu chenu."

Niliila yote. Na nilipokuwa naitafuna nilikuwa nafikiria jinsi desturi hiyo isivyo ya haki, nikipanga hoja zangu vizuri kichwani huku mvua ikipiga bati juu yetu na mama akiniongezea mchuzi. Mvua ilipopungua, gari lilikuwa limeshafika barabarani na Mzee anapiga honi. Nilikimbia nje, nikawasha swichi kuu, mama akaingiza plagi, balbu za ile mashine zikawaka zote nne. Alipiga vigelegele peke yake. Nikabeba ngazi begani, nikakimbia.

Fomu ilikuwa ndani ya gari, kavu kabisa. Ilisema nimemaliza saa tisa na dakika ishirini na sili imebanwa.

Miezi tisa baadaye ofisi ilianza msako wa watu wanaochokora mita. Msimamizi wa ukaguzi alitumwa kutoka ofisi kuu, mtu mpole wa sauti, mwenye viatu visivyo na tope hata Kakamega, jambo ambalo sijui aliliwezaje. Aliniomba mimi na Mzee tumpeleke Khayega. Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi, jua kali.

Mama alinitambua tukiwa bado njiani. "Mwanangu wa mwangaza amerudi!" alisema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniuliza kama nimeoa. Msimamizi alikuwa ameshasimama chini ya mita, akiitazama juu ukutani.

"Sili iko wapi?"

Mama alitazama mita, akanitazama mimi. "Sili ni nini?"

"Wote husema hivyo," msimamizi alisema, bila hasira.

Nitasema ukweli kuhusu kilichonijia kwanza kichwani. Nilimtazama yule mama nikawaza: hata wewe? Nimejizoeza kutomwamini mtu yeyote, na kwa sekunde kadhaa niliona fahari kwamba sikumwamini hata yeye. Kisha nikaikumbuka firigisi. Nikakumbuka nimesimama juu ya ngazi na kitu kidogo katikati ya vidole, na matone kwenye bati.

Lakini kukumbuka si ushahidi, nilijiambia. Huenda nilirudi nikabana. Mtu hakumbuki kila sili aliyowahi kubana. Sijawahi kuhitaji falsafa yangu ya kutoamini kama nilivyoihitaji dakika ile, na ilinitumikia vizuri.

"Bosi, matumizi yake ni ya kawaida," nilisema. "Hiyo mashine ina balbu nne ndogo, zinawaka na kuzima. Ukipiga hesabu—"

"Sijauliza matumizi. Nimeuliza sili." Alinionyesha simu yake. Picha ya fomu ilikuwa pale. "Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Ulibana sili?"

Mzee alikuwa anatazama nyasi.

"Fomu inasema nilibana," nilisema.

"Basi aliikata mwenye nyumba. Kata stima."

Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na ngazi, mimi ndiye niliyepanda. Mama alikuja akasimama chini yangu. Hakupiga kelele. Alizungumza haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mwanangu, ngoja. Leo mayai yana siku kumi na nane. Yamebakisha tatu tu. Kata taa, kata na redio. Iache mashine peke yake. Siku tatu tu, halafu mrudi mkate hata nguzo."

"Waya ni mmoja, mama," nilisema, na hilo lilikuwa kweli.

Na mayai hayakuwa yake pekee. Hilo sikulijua mpaka siku hiyo. Majirani walimletea mayai yao, na ili yasichanganyike kila nyumba ilikuwa na alama yake iliyoandikwa kwa penseli juu ya ganda: msalaba, duara, mistari miwili, nyumba ndogo yenye mlango. Yalikuwa zaidi ya tisini. Ya mwenyewe hayakuwa na alama yoyote.

Vijana wa bodaboda walikuwa wameshasogea kwenye ua. Jirani mmoja, mwanamume mnene mwenye kibanda cha kuuza mbolea, aliegemea nguzo ya ua akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Kumbe vifaranga vyetu vilikuwa vya stima ya wizi! Ndiyo maana vilikuwa vinakimbianga hivyo."

Walicheka. Mama aliingia ndani. Kupitia mlangoni nilimwona akivua blanketi kitandani na kulifunga juu ya ile mashine, akilikunja pembeni taratibu, kisha akachukua sufuria akaenda kuchochea moto.

Nilijua sili iko mfuko gani. Mfuko wangu wa vifaa una kimfuko kidogo ndani, chenye zipu iliyoharibika, ambamo huwa naweka vitu ninavyokusudia kurudia. Jumanne yote sikukifungua. Nilijiambia nikifungua nikaikuta, nitakuwa najua, na kama sijui siwezi kulaumiwa. Sasa nikiandika haya naona jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kujitengenezea giza kwa ustadi.

Jumatano mchana tulikuwa tunangoja mvua iishe, mimi na Mzee kwenye benchi. Nikakifungua. Ilikuwa chini ya skrubu na kipande cha utepe mweusi. Waya wake ulikuwa umenyooka bado. Nikailinganisha na namba ya fomu, nikampa Mzee.

Aliishika karibu na macho. Akanirudishia. "Tupa chooni, mwaga maji."

"Na yule mama?"

"Atasumbuliwa kidogo, atarudishiwa. Watu wanasahaunga."

"Mayai je, Mzee? Yamebakisha siku mbili."

"Mayai!" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alitazama mlango wa ofisi, akapunguza sauti. "Sikiliza, kijana. Ukiwaambia hukubana, watakuuliza kwa nini fomu inasema ulibana. Utasema nini? Utasema tunajazanga asubuhi. Halafu watafungua kabati. Fomu zangu ziko mle za maisha yangu yote. Mimi nimebakisha miezi minane."

"Lakini wewe ulibana zako."

"Nilibana," alisema. Kisha akaongeza polepole, "Nafikiri nilibana."

Huyu ndiye aliyenifundisha kutambua waya ulioungua kwa harufu kabla ya kuuona. Siku nilipopigwa na umeme mara ya kwanza aliniketisha chini akanishika kifundo cha mkono akihesabu mapigo, kimya, mpaka yakatulia. Nilikaa karibu naye mpaka mvua ikaisha.

Alhamisi asubuhi wenzangu walipokuwa wanajaza fomu, nilichukua karatasi tupu nikaandika maelezo. Nilieleza kila kitu: kwamba nilikuwa juu ya ngazi, kwamba niliitwa kula, kwamba mvua ilinyesha, kwamba nilisahau, na kwamba fomu ilikuwa imejazwa kabla. Sikumtaja Mzee. Nilijua hilo halitamsaidia.

Msimamizi aliyasoma mara mbili, akaiweka sili juu ya karatasi kama uzito. "Unajua umejiandikia nini hapa?"

"Najua. Naomba arudishiwe stima leo."

"Ungeweza kuniambia Jumanne."



Tulifika Khayega saa tisa, katikati ya mvua. Nilipanda nikarudisha waya, nikafunga kifuniko, nikabana sili mpya huku maji yakiingia kwenye mikono ya ovaroli, na msimamizi amesimama chini ya mwavuli akitazama vidole vyangu. Fomu niliijaza nikiwa nimeinamia bakuli la plastiki lililopinduliwa, chini ya upenu. Ililowa. Alama ya kalamu ilisambaa, lakini namba ilisomeka.

Ndani, mama alikuwa amezungushia mashine chupa za maji moto, na mablanketi matatu juu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Watu watatu walikuwa wamekuja kuchukua mayai yao, aliniambia, hawakutaka kuonekana wana mali katika nyumba ya mwizi. Balbu zilipowaka hakupiga vigelegele. Aliweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo.

"Mama, kosa lilikuwa langu," nilisema. "Siku ile sikubana sili. Uliniita kula, nikashuka, nikasahau."

Aliondoa kiganja kwenye kioo. "Kwa hiyo ni chakula changu."

"Hapana, mama. Sikumaanisha hivyo."

"Ndivyo ulivyosema."

Na ndivyo nilivyokuwa nimeandika pia. Karatasi ilikuwa imeshaingia kwenye faili ofisini: niliitwa kula.

Ijumaa vifaranga vilianza kugonga maganda. Jumamosi, siku ambayo sikuwa kazini, nilikwenda. Sikujua ninakwenda kufanya nini. Kwenye boksi la katoni karibu na jiko kulikuwa na vifaranga kumi na tisa, vingine bado vimelowa. Mezani kulikuwa na trei mbili za mayai yaliyobaki. Yalikuwa baridi. Alikuwa ameyapanga kwa alama zake, misalaba na misalaba, duara na duara.

Sikukaribishwa kiti.

"Ofisi yenu imenitumia barua," alisema. "Inasema kulikuwa na hitilafu katika utendaji. Hitilafu ni nini? Watu wa hapa nitawaambia hitilafu?"

"Nitawaeleza mimi."

"Utawaeleza wapi? Kwa bodaboda, uchekeshe watu, uende zako?" Alichukua trei moja, akanipa ya pili. "Hapana. Twende. Kila alama ina mlango wake."

Tulianza na msalaba. Mwanamke wa nyumba hiyo alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Mama alinitazama tu. Nikasema mimi ni fundi wa stima, kwamba mama huyu hakuiba, kwamba sili haikukatwa bali mimi niliisahau nikaandika kwamba nimeiweka, na kwamba mayai haya yalikufa kwa ajili hiyo. Nikampa mayai yake saba. Aliyapokea kwenye leso. Hakujua aseme nini kwa mtu anayemrudishia mayai yaliyokufa, akasema asante.

Mlango wa pili niliyasema vizuri zaidi, na nikajichukia kwa hilo. Mlango wa tatu mtoto wa nyumba alitaka kujua kama ndani kuna kifaranga amelala. Kwenye mlango wa mistari miwili mzee mmoja aliniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nikamwambia bado, mkataba wangu unaisha Desemba. Sikumwambia kwamba siku hiyohiyo Mzee wangu alikuwa ameitwa ofisi kuu akiwa na funguo za kabati la fomu, na kwamba tangu Alhamisi hakuketi tena nami kwenye benchi.

Kati ya mlango na mlango mama hakuniita mwanangu. Aliniambia, "Fundi, pita huku, pale kuna tope."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule mwanamume wa mbolea. Alama yake ndiyo ile nyumba ndogo yenye mlango, nadhani ilichorwa na binti yake. Alitusikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma. Nilipofika kwenye neno kusahau alikohoa, akatazama kikapu cha majani ya chai barazani kwake.

"Sasa mama," alisema, "si tulikuwa tunatania tu."



Mke wake alitoka jikoni, akifuta mikono, mwenye aibu ya kweli usoni. Harufu ya mboga na ugali ilitoka naye. "Karibuni ndani, karibuni chakula. Kimeiva sasa hivi. Fundi, ingia, mvua hiyo inakuja."

Wingu lilikuwa pale juu ya miti, chini kabisa. Nilikuwa na trei mkononi na mayai kumi na moja ambayo bado sijayakabidhi, kila moja na nyumba yake ya penseli. Mguu wangu, naapa, ulishainuka kuelekea kizingiti.

"Amalize kwanza," mama alisema.